Toba ya Jumatano, neno la Ijumaa: kisa cha mzee wa mbao

Ijumaa ile, yapata saa kumi na nusu jioni, mgonjwa wa kitanda cha dirishani alinishika kiganja akaanza kusema, "Lile shamba la..." Nikamkatiza. Nilimwambia, "Mzee, ya dunia yaache. Bwana ameshakusamehe yote." Akanitazama kidogo, akafumba macho. Nikamsomea Zaburi ya 23, nikamwombea, nikashuka kwenda kutafuta matatu. Jumamosi usiku alikata kauli. Jumapili alfajiri akakata roho.

Wengi waliokisikia kisa hiki wanadhani swali lake ni kama mtu aliyeishi na dhuluma hadi kitanda cha mauti anaweza kuingia mbinguni kwa sala ya dakika tano. Nitalijibu na hilo, siliogopi. Lakini kila ninapokirudia kisa mwenyewe, ninaishia kwenye ile Ijumaa.

Majina nimeyaacha, na kijiji nimekiacha, maana Maragoli, kule kaunti ya Vihiga, ni padogo na kila mtu ana binamu anayemjua binamu wa mwenzake. Mimi ni mtu wa kanisa, si mchungaji. Jumatano na Ijumaa huwa ninazuru wodi za hospitali moja hapa Kisumu pamoja na akina mama wawili wa ushirika wetu. Tunaomba na anayetaka, tunanyamaza na asiyetaka, na mara nyingi kazi yenyewe ni kumnunulia mtu maziwa au kumpigia simu ndugu yake aliyeko Bondo.

Huyu mzee alikuwa na miaka 71. Alikuwa na yadi ya mbao karibu na soko la Kibuye kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu wengi waliojenga Manyatta na Kondele wamepaulia mbao zake. Alikuwa na saratani ya umio, ugonjwa unaowaandama sana watu wa magharibi na wa Bonde la Ufa. Hakuwa anameza hata mate vizuri. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, ila akili ilikuwa timamu kabisa, na jambo hilo nalisisitiza kwa sababu nitalihitaji mbele.

Jumatano ndiyo aliniita mwenyewe. Alikuwa ametusikia tukiomba kitanda cha pili. Akauliza, "Mtumishi, nimechelewa?" Nikamjibu hajachelewa. Nikamsimulia habari ya yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kwamba alisema maneno machache tu akaahidiwa kuwa peponi siku ileile. Akataka tumwongoze sala ya toba. Alikuwa akiirudia sentensi kwa sentensi, akipumzika kati ya neno na neno, na alipofika mahali pa "nimekosa mbele zako" alisimama, akalirudia bila kuambiwa. Akalia. Nimeona wodini watu wakilia kwa maumivu na wengine kwa kuogopa kufa. Kile kilio sikukipa jina, ila nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo kila mwinjilisti anaijua, na nikaandika katika daftari langu: ameokoka, Jumatano.

Alhamisi alipiga simu. Mama mmoja wa ushirika alikuwepo, ndiye aliyemshikia simu sikioni. Alimwambia mwanawe wa kwanza zilipo karatasi za sacco. Akamwambia wa pili asimwuze yule mtamba. Akakumbuka mteja wa Ahero aliyelipa nusu ya bei ya mbao za paa, akaagiza apewe mbao au arudishiwe pesa. Hesabu zote zilikuwa kichwani, mpaka urefu wa mbao kwa futi.

Ijumaa ndiyo hiyo niliyoisimulia.

Sasa shamba. Baba yake mzee alikufa mwaka 1994 akiacha ekari moja na robo na watoto wa kiume wawili. Asiyeijua Vihiga ataona ni kidogo. Ni kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba, kwa hiyo ekari moja na robo kule ni urithi wa kutosha kuvunja ukoo. Mzee alikuwa mkubwa kati ya hao wawili, ndiye aliyekuwa na pesa za kufuatilia karatasi, na hati ilipotoka ilikuwa na jina lake peke yake. Mdogo wake hakushtuka. Aliwaza, ndugu yangu ndiye kashika, basi imeshikwa. Mpaka wao ulikuwa mstari wa mkonge uliopandwa na baba mwenyewe.

Mdogo alikufa mwaka 2008, akaacha mke na mabinti watatu. Hakuacha wa kiume, na kwa hesabu za baadhi ya wazee hapo ndipo upande ule wa mkonge ulipokosa mwenyewe. Mwaka 2013 mzee akauza nusu ekari, na nusu aliyouza ni ile yenye nyumba ya shemeji yake. Mama yule akaondoka na mabinti, akapanga chumba Majengo kando ya barabara kuu, akaanza kuuza omena na mrenda. Kaburi la mumewe likabaki ndani ya ua wa mnunuzi. Aliniambia kwamba mwaka uliofuata alipita pale akakuta limepandwa majani ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa sijui lolote kati ya haya siku ile niliposema "ya dunia yaache". Siitoi kama udhuru. Ningejua kama ningenyamaza.

Kabla ya mazishi familia ilihangaika na jambo jingine, ambalo nitalipitia haraka maana ndilo lililomeza muda wote ambao ungetumika vizuri zaidi. Nyumba ile ina makanisa manne. Mzee alilelewa katika Kanisa la Marafiki, wale wa Kaimosi, waliofika mwaka 1902 na ambao mpaka leo hawabatizi kwa maji. Mkewe ni wa Kipentekoste. Binti mkubwa aliolewa akawa Msabato. Mkwe mmoja ni Mkatoliki. Mke alisikitika kwamba mumewe amekufa bila kuzamishwa majini. Wazee wa Marafiki wakamwambia hilo kwao si neno, ubatizo ni wa Roho. Binti wa Kisabato hakuwa na shida na toba ya baba yake, shida yake ilikuwa na mahubiri ya kwamba baba "yuko peponi sasa hivi", kwa kuwa wao husema wafu wamelala hadi ufufuo, na ile ahadi msalabani huisoma kama "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Hoja yao kwamba maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za mkato ni ya kweli, ingawa makanisa mengine yote pale nyumbani yanaisoma kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili. Wakabishana siku tatu kuhusu maji na koma. Hakuna aliyeuliza kuhusu mkonge.

Mhubiri wa mazishi alichagua Luka 23, ile habari ya mhalifu msalabani, kama nilivyotarajia. Alihubiri vizuri, lazima niseme. Alisema mzee alidandia gari la mwisho na gari la mwisho nalo linafika Kisumu. Vijana wakacheka, wazee wakaitikia. Mimi niliitwa mbele nishuhudie, nikashuhudia habari ya Jumatano. Ya Ijumaa nikaiacha.

Kisha mshereheshaji akatangaza, kama inavyotangazwa kwenye matanga yote ya kwetu, kwamba mwenye kumdai marehemu au anayedaiwa naye ajitokeze kwa familia. Tangazo hilo huwa ni la kupita. Watu huwa wameshaanza kutafuta sahani. Mama wa Majengo akasimama upande wa jikoni, hata hakusogea mbele.

"Mimi namdai shamba," alisema. "Nimesikia aliomba msamaha. Nafurahi. Lakini kama alikuwa na nguvu za kumwomba Mungu, mbona hakuwa na nguvu za kunipigia mimi? Namba yangu alikuwa nayo."

Wimbo ukaanzishwa haraka.

Jioni ile na siku zilizofuata kijiji kiligawanyika. Wapo waliosema mzee hakuokoka chochote, aliogopa tu, na mtu akiogopa atasema lolote. Wapo waliosema ameokoka, kwa hiyo shamba limekwisha, atakayelitaja anamshitaki mtu aliyesamehewa na Mungu. Pande hizi mbili zilizozana vikali, na bado naona kwamba zinakubaliana katika kosa moja. Zote zinadhani msamaha wa Mungu na deni la mama yule ni kitu kimoja, kwamba kikisimama hiki kile kimeanguka.

Nianze na wa kwanza. Anayesema toba ya mwisho haifai ana kazi kubwa ya kufuta Maandiko. Paulo anawaambia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Anawaambia Warumi kwamba kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, na hakutaja saa ya mwisho ya kuita. Hata Wakatoliki na Walutheri, waliogombana juu ya jambo hili tangu siku za Luther, walitia sahihi huko Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999 kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, katika imani, si kwa sababu ya stahili yoyote yetu. Na kanuni za Kanisa Katoliki zinamruhusu padri yeyote, hata aliyeondolewa katika daraja ya upadri, kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Kanuni hizo hazikuufunga mlango huo.

Na hofu je? Yule mhalifu msalabani naye alikuwa anakufa. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba waliosulubiwa pamoja na Yesu walimshutumu. Ni Luka anayetuonyesha mmoja wao akigeuka. Hatujui kilichomgeuza. Mimi siwezi kupima kilio cha Jumatano, na aliyekuwa Mbale siku hiyo akiuza ndizi hawezi kukipima zaidi yangu.

Kuna ubishi wa zamani kuhusu wale wanaopanga kuchelewa. Karne ya nne watu wengi walikuwa wakiahirisha ubatizo kwa makusudi hadi kitanda cha mauti, ili usafishe kila kitu kwa mkupuo. Mfalme Konstantino wa Roma mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa anakufa. Viongozi wa kanisa hawakupenda tabia hiyo, lakini maji hawakuwanyima waliokuwa kitandani. Hata hivyo mzee wetu, kwa ninavyomwelewa, hakupanga kitu. Alikuwa anauza mbao.

Wa pili ndio wanaonisumbua, maana hao ni watu wangu, na Ijumaa ile nilikuwa mmoja wao.

Wanapenda sana mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Kiswahili kina bahati hapa: Biblia inasema saa kumi na moja, nasi tunajua mara moja ni saa ngapi, jua limeinama, watu wa soko wanafunga mizigo. Wa saa kumi na moja akalipwa dinari sawa na wa asubuhi. Wa asubuhi wakanung'unika. Basi kila anayehoji toba ya mwisho huambiwa, wewe ni yule mnung'unikaji wa asubuhi, jicho lako ni ovu. Mama wa Majengo ameambiwa hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu.

Lakini usome tena. Mwenye shamba anasema, si halali yangu kutumia vilivyo vyangu kama nipendavyo? Vilivyo vyangu. Ametoa mfukoni mwake. Hakumpokonya mtu wa asubuhi dinari yake akampa wa jioni. Wa asubuhi alipata kamili alichoahidiwa, ndiyo maana manung'uniko yake hayana msingi. Mama wa Majengo yuko wapi katika mfano huu? Hayumo. Yeye hajanung'unika kwamba mzee amepewa dinari. Anasema mzee alikuwa na dinari yake, ya mama, na Mungu akisamehe hasamehi kwa mali ya mama. Na jambo jingine dogo: wale wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona wamesimama bila kazi, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa watu waliokuwa wakilima shamba la jirani kwa siri mchana kutwa.

Sasa yule wa msalabani, ambaye nilimtumia Jumatano na mhubiri akamtumia Jumamosi. Tunamtumia kama mtu ambaye hakufanya lolote. Angalia alichofanya. Alimkemea mwenzake hadharani. Alikiri kwamba adhabu yake ni haki. Alimtetea asiye na kosa. Akaomba akumbukwe. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, miguu pia, kilichobaki huru ni kinywa, na kinywa hicho alikitumia chote. Kama kulikuwa na mtu wa Yerusalemu aliyemdai mbuzi, hakuwa na njia ya kumrudishia.

Mzee wa mbao alikuwa na mkono wa kulia ulio huru kutoka Jumatano hadi Jumamosi, na alikuwa na simu. Alhamisi aliitumia, na deni la Ahero likalipwa.

Mtu wa kumfananisha naye si yule wa msalabani. Ni Zakayo, yule mtoza ushuru. Na kwa Zakayo mpangilio wenyewe ni mzuri kuutazama, kwa kuwa unawanyima hoja watu wa pande zote mbili. Yesu hakungoja hesabu. Alimwita mtini na kuingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti, na watu wakanung'unika kwa hilo. Neema imetangulia. Halafu Zakayo anasimama, anatoa nusu kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Mara nne ndiyo Torati inayotaka kwa kondoo aliyeibiwa na kuchinjwa. Hapo ndipo Yesu anasema, leo wokovu umefika nyumbani humu. Leo, neno lilelile la msalabani.

Kwa hiyo ninapolitazama neno la Ijumaa, "Lile shamba la...", nadhani nililiona kama wasiwasi wa mali. Nilidhani Shetani anamrudisha mzee kwenye vitu. Sasa naamini lilikuwa tunda la sala ya Jumatano. Jumatano alisema amekosa mbele za Mungu. Alhamisi akaanza na deni jepesi, la mtu baki wa Ahero. Ijumaa akafika kwenye lile zito. Ndivyo dhamiri inavyotembea, huanza na lililo rahisi. Nikalichuma bichi, nikalitupa.

Nilimweleza kisa padri mmoja tunayefahamiana. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kwao, katika kitubio, mtu akiungama amemdhulumu mwenzake huulizwa kama anaweza kurudisha, na kama anaweza huambiwa arudishe, maana kusikitika peke yake hakumrudishii jirani mali yake. Nikakumbuka pia wazee wetu wa uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Wale ndugu walijulikana kwa kurudisha vitu. Mtu akiokoka, kesho yake yuko mlangoni kwa tajiri wake wa zamani na patasi aliyoiba. Walikuwa na neno lao, kutengeneza. Niliokoka kwa fulani, nikaenda kutengeneza na fulani. Hawakufundisha kwamba kutengeneza ndiko kunakookoa. Lakini mtu aliyesimama kushuhudia bila kutengeneza walimtazama kwa macho ya kungoja. Sala yetu ya toba ya siku hizi ni fupi na imenyooka, na mahali pa kutengeneza pamekatwa kabisa. Sijui tulipakata lini.

Kisa cha Biblia kinachoniogopesha zaidi ni cha shamba. Mfalme Ahabu alichukua shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akiwa ameuawa kwa mashahidi wa uongo. Nabii Eliya akamkuta palepale shambani. Ahabu akararua mavazi, akavaa magunia, akafunga. Na Mungu akaipokea toba ile, 1 Wafalme 21, mstari wa mwisho. Akasema mabaya hayatakuja siku zake. Lakini hakuna mahali panaposema shamba lilirudi kwa watu wa Nabothi. Na mstari huohuo unasema mabaya yatakuja siku za mwanawe. Miaka ikapita, mwanawe Yoramu akauawa kwa mshale, na mwili wake ukatupwa katika shamba lile lile. Simfananishi mzee wetu na Ahabu, hakumwua mtu. Nasema tu kwamba wana wa mzee, wanaosema mambo yaliisha na baba, waisome sura hiyo taratibu.

Kwa upande wa sheria uzembe wangu una bei inayopimika. Sheria ya Urithi ya Kenya, sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa, na msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Ijumaa ile kando ya kitanda tulikuwa mimi, mama wawili wa ushirika na sista wa zamu aliyekuwa akibadilisha dripu. Watu wanne. Mzee alikufa siku mbili baadaye. Kama angeimaliza sentensi, na kama ilikuwa inakwenda ninakodhani, robo tatu ya ekari iliyobaki ingekuwa na neno la mwenyewe juu yake. Nusu ekari iliyouzwa ni kesi nyingine, ina hati na mnunuzi aliyelipa. Sasa kilichobaki ni maneno matatu yasiyo na mwisho, na hakimu yeyote atauliza, shamba la nani?

Mama hajakosa njia kabisa. Ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la ndugu mmoja inaweza kuonekana mahakamani kuwa aliishika kwa amana ya wote, na Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya namna hiyo mwaka 2018. Ila lazima uthibitishe, na wanaokumbuka mkonge ukipandwa wanazidi kupungua.

Mmoja wao alisema siku ya lovego. Baada ya mazishi Wamaragoli hunyoana nywele, na siku hiyo wazee huketi kuuliza anayedai na anayedaiwa, kisha wakagusia mali. Makanisa mengi yaliipiga vita siku hiyo kama ushenzi, na kweli ina mambo ambayo nisingekaa nayo. Lakini ona ajabu: swali ambalo mimi na Biblia yangu hatukuliuliza wodini siku nne, wazee waliokaa juu ya magogo chini ya mparachichi waliliuliza katika robo saa ya kwanza. Mteja wa Ahero alikuwa ameshalipwa, akashukuru. Mama akasema lake. Kifungua mimba wa mzee akajibu kwa hasira, "Baba alisamehewa. Mnataka tumfukue?" Senge wao, dada yake mzee, ambaye ana miaka themanini na kitu na haoni vizuri, akauliza swali moja. Akauliza kama mkonge bado upo. Akajibiwa uling'olewa na mnunuzi. Akasema yeye ndiye aliyeibeba miche ile kichwani kutoka kwa mjomba wao, akiwa msichana, na baba yao akampa kila mtoto wa kiume upande wake siku hiyo hiyo. Kitinda mimba wa mzee alikuwa amenyamaza muda wote. Kikao kilipovunjika akamsindikiza mama hadi barabarani, akambebea mfuko.

Haya yote nilisimuliwa. Mimi sikuwepo, na nikifikiri vizuri nilifurahi kutokuwepo.

Naamini mzee aliokoka. Nikiulizwa tena mbele ya jeneza nitasema hivyohivyo, na nitasema Jumatano. Sidhani Mungu alimngoja amalize deni ndipo amsikie, wala sidhani alimwadhibu kwa sentensi ambayo mimi ndiye niliyeikata. Kwa mama, ambaye anasali kanisa jingine na ana imani kuliko yangu, hili si faraja wala si tusi. Yeye halingojei jibu la mbinguni. Anangoja kiwanja cha kulaza mabinti wake.

Alinipigia simu wiki mbili baada ya lovego. Mama mmoja wa ushirika ndiye aliyempa namba, na alikuwa amemdokezea. Hakunisalimu kwa muda mrefu.

"Mtumishi, nimeambiwa Ijumaa alitaka kusema."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Lile shamba la. Akaniuliza mimi nilijibu nini, nikamwambia na hilo, neno kwa neno. Akanyamaza mpaka nikadhani muda wa maongezi umekwisha. Nyuma yake nilisikia makanga akiita abiria wa Chavakali.

"Unaweza kuyasema hayo kwa chifu?" aliuliza. "Na yako pia, uliyomjibu?"

Nikasema naweza. Akanitajia siku, Jumanne, saa nne asubuhi, akaniambia nikifika nimtafute kwanza pale anapouzia, maana kwa chifu huwa kuna foleni na hataki niingie kabla yake. Niliwapigia wale mama wawili na sista wa zamu. Sista alisema hajui kama anaruhusiwa. Mama mmoja alikubali. Jumanne tukapanda matatu ya Mbale pale stendi, mimi na yeye, na daftari langu.